Kitovu cha Njia ya Maziwa juu ya Kibo ukiwa Moshi: hakuna kitu kama hicho. Tuelekezane pa kusimama

Mwanakibo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana kwa upande wa Moshi kabisa, barafu zake zote zinahesabika, na juu yake imesimama ile sehemu nono ya Njia ya Maziwa (Milky Way), yaani kitovu chake, imenyooka kama moshi wa jiko la kuni asubuhi isiyo na upepo. Watu wanaisifia, na wengine wameshaibandika kwenye matangazo ya kampuni zao za utalii. Mtu anayeunganisha picha mbili na kusema wazi kwamba ameunganisha, mimi sina shida naye. Ila huyu anayeandika "Moshi, usiku wa jana" anawatesa vijana wanaopanda basi kutoka Dar na kamera zao kuja kukesha Shanty Town wakisubiri kitu ambacho hakiji.

Sababu ni jiografia tu. Moshi iko nyuzi 3 na ushee kusini mwa ikweta, na Kibo iko kaskazini mwa mji, kilomita 30 hivi. Ukiitazama Kibo kutoka mjini unatazama kaskazini. Kitovu cha Njia ya Maziwa kiko kwenye kundi la Mshale, nyuzi 29 kusini mwa ikweta ya anga, ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Kwetu kinachomoza kusini-mashariki, kinapanda mpaka nyuzi 64 hivi upande wa kusini, kisha kinatua kusini-magharibi. Kaskazini hakiendi hata siku moja. Ukikipiga picha ukiwa Moshi, mlima uko mgongoni mwako.

Anayetaka mlima na kitovu kwenye fremu moja auzunguke mlima. Mimi naona kuna pande mbili za maana kwa upande wetu wa mpaka.

Ya kwanza ni Sinya, kule Enduimet, Magharibi Kilimanjaro. Ukisimama Sinya, Kibo iko kusini-mashariki, na huko huko ndiko kitovu kinakochomokea. Mwishoni mwa Mei kinachomoza kabla ya saa 2 usiku, kinapanda kushoto kidogo mwa mlima, na ikifika saa 4 au saa 5 kimeshasogea karibu juu yake. Mkia wa kundi la nyota la Nge unakuwa umeinamia kilele. Raha nyingine ya Sinya ni kwamba mlima wenyewe unakukinga na taa za Moshi.

Ya pili ni upande wa Rongai, kuelekea lango la Nale Moru. Hapo Kibo iko kusini-magharibi, kwa hiyo unapiga kitovu kikiwa kinatua. Nenda mwishoni mwa Septemba, kati ya saa 3 na saa 5 usiku. Ukienda Mei hutapata hicho kitu mpaka alfajiri.

Moshi nayo ina vyake, tena ambavyo Sinya haina. Mwanzoni mwa Januari, saa 3 na nusu usiku, Kilimia, kile kikundi cha nyota (Pleiades), kinakuwa kaskazini juu ya Kibo. Kiko juu sana, hivyo simamisha kamera wima na lenzi iwe pana. Mwanzoni mwa Februari, saa 10 usiku, kundi la Dubu Mkubwa linapita juu ya mlima kichwa chini. Na ncha ya kaskazini ya anga, ambayo nyota zote za upande ule huizunguka, kwetu iko nyuzi 3 chini ya upeo wa macho, yaani nyuma ya mlima kabisa. Acha kamera ipige picha mfululizo kwa saa mbili, ziunganishe, utaona nyota zimechora matao yanayoifunika Kibo toka bega hadi bega. Hiyo picha ni ya Moshi. Sinya hawaipati.

Karibuni tujadili.

---

Mtata wa Soweto

Nakaa siti ya mbele kabisa. Hiyo picha nilimtumia shemeji yangu Marekani juzi, nikamwambia ndiyo mandhari ya dirishani kwangu. Sasa nafanyaje?

---

Kilema Juu

Mleta uzi, sikubaliani na wewe. Mimi nakaa juu huku, taa za mji haziniumizi macho, na Njia ya Maziwa naiona upande wa mlima kwa macho yangu haya. Mwezi wa kumi na moja, saa 4 usiku, mawingu yakifunguka, kuna mkanda mweupe umelala juu ya Kibo toka mashariki hadi magharibi. Au na mimi nimeunganisha?

---

Mwanakibo

Kilema Juu, hujaunganisha, na soma tena kichwa cha uzi: nimesema kitovu. Unachokiona Novemba ni mkono mwingine wa Njia ya Maziwa, ule unaopita kwenye kundi la Cassiopeia. Unafika nyuzi 24 hivi juu ya upeo wa kaskazini, kwa hiyo umelala chini chini juu ya mlima kama ulivyosema. Ni mwembamba na hafifu, hauna yale mawingu meusi na ile rangi ya kahawia ya kitovu. Anayeupata kwenye kamera kipindi cha vuli, mvua zikimruhusu, namvulia kofia. Hiyo picha inayozunguka ina kitovu, na mkia wa Nge unaonekana waziwazi.

Ukipiga huo wa Novemba uutundike hapa, kwa sababu sijauona kwa mtu yeyote.

---

Binti Njiro

Naombeni msaada. Nipo Arusha, nina simu tu na kijistendi cha kuchukulia video. Nikisoma huku naona kila mtu ana kamera ya milioni kadhaa. Naweza kupata chochote au nisubiri ajira?

---

Fundi Lenzi

Binti Njiro, usisubiri. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya kupiga usiku, na nyingine zina ya kupiga nyota kabisa, inayoacha kamera wazi kwa dakika kadhaa. Ifunge kwenye stendi, weka kipima muda cha sekunde 10 ili kidole chako kisiitikise, na kama ina sehemu ya kujipangia mwenyewe weka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 hadi 3200, sekunde 15 mpaka 30, fokasi ivute mpaka mwisho kwenye alama ya mlima. Toka Njiro kwenda barabara ya Namanga, ukishapita Oldonyo Sambu giza linakuwa zito. Usiende peke yako.

Siku ukipata hela, usikimbilie kamera mpya. Canon 6D iliyotumika na lenzi ya Samyang milimita 14 f/2.8 zinafanya kazi hii vizuri mno. Ile Samyang ya mkono haina fokasi ya kujiendesha, na usiku hata huihitaji: unaikuza nyota moja kali kwenye kioo, Sirius au sayari ya Mshtarii, unazungusha taratibu mpaka inakuwa nukta ndogo kabisa, kisha unabandika plasta isisogee.

Nyongeza kwa wenye kamera, maana hapa watu wengi wanadanganywa na video za YouTube. Wanafundishwa kanuni ya 500: gawa 500 kwa urefu wa lenzi, unapata sekunde. Lenzi ya milimita 20, sekunde 25. Kanuni hiyo haijali nyota iko wapi angani, wakati zilizo karibu na ncha zinatembea polepole. Kwetu ikweta ya anga inapita karibu na utosi, na nyota za ikweta ndizo zinazokimbia kuliko zote. Piga kundi la Jabari (Orion) kwa sekunde 25 kisha ikuze picha uone, nyota zimekuwa punje za mchele. Kwa lenzi ya 20 mimi siendi zaidi ya sekunde 12 au 15. Napiga picha ishirini za hivyo na kuziweka pamoja kwenye programu ya Sequator au Siril. Zote ni za bure.

Na wale wenye mashine za kufuata nyota: kila mwongozo unaanza na "itafute nyota ya Kaskazini". Kwetu Polaris iko chini ya ardhi. Ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu na iko nyuzi 3 tu juu ya upeo, inamezwa na vumbi. Inabidi uitege mashine kwa dira, pembe uiweke nyuzi 3 kuelekea kusini, halafu urekebishe kwa kujaribu. Inawezekana, ila inakula nusu saa ya usiku wako na mgongo pia.

---

Dereva wa Vumbi

Nimeusoma uzi wote na naona mnazungumzia nyota tu. Mimi naendesha watalii kanda hii ya kaskazini, ngoja niseme ya ardhini.

Kwanza, hifadhini hamzunguki usiku na magari yenu. Giza likiingia unatakiwa uwe kambini au hotelini. Safari za usiku zipo maeneo machache kwa kibali, na unakwenda na mtu wa hifadhi. Kreta ya Ngorongoro ndiyo kabisa: mnashuka asubuhi saa 12, jioni saa 12 mnatakiwa muwe mmetoka, na hakuna kulala chini. Kwa hiyo ukiona picha ya faru na nyota elfu "ndani ya Kreta", ujue ni ndugu yake ile ya Moshi.

Pili, kambini mnaruhusiwa kupiga nyota kadiri mnavyotaka, ila kambi nyingi za umma hazina uzio. Tarangire, kwa mfano: unataka mbuyu na Njia ya Maziwa, na kambi ina mibuyu. Vizuri. Lakini tembo naye anautaka mbuyu huo huo, na tembo akitembea usiku humsikii. Tani tano zinapita jirani yako bila kuvunja kijiti. Kinachomtambulisha ni sauti yake ya kooni, inanguruma chini chini kama kuna mtu anaburuta meza chumba cha pili. Ukisikia hivyo acha kamera ilipo, rudi kwenye gari kinyumenyume. Kamera hataila.

Tatu, kuna watafiti waliochambua simba kushambulia watu Tanzania kati ya 1988 na 2009, wengi wao kusini mwa nchi. Walichokuta ni kwamba mashambulizi yanapanda siku zile za baada ya mwezi mpevu, kwenye yale masaa ya mwanzo wa usiku kabla mwezi haujachomoza. Mwezi ukiwaka simba anapata shida kukamata, giza likirudi ana njaa. Sasa angalieni ratiba zenu: mwezi umeanza kuchelewa, "tuna saa mbili za giza safi, twendeni". Giza hilo safi mnagawana naye.

Nje ya hifadhi, kama Sinya aliyoitaja mleta uzi, ile ni ardhi ya jumuiya ya wanyamapori ya vijiji. Lipieni kiingilio, chukueni askari mwenye bunduki, mkae mita chache toka kwenye gari. Wale tembo wa Enduimet wanavuka kwenda na kurudi Amboseli, Kenya, usiku na mchana, na pembe zao si za mchezo.

---

Mtata wa Soweto

Dereva, umeniharibia wikiendi yote.

---

Nungunungu

Mimi ni wa wanyama zaidi kuliko nyota, na naongezea alipoishia Dereva. Wanaoanza waende Hifadhi ya Arusha kabla ya kuota Serengeti. Ni karibu na mji, mbega wako msituni njia ya Ngurdoto, twiga wako kila mahali, na Momella kuna heroe kwa misimu. Asubuhi ikiwa safi, toka maziwa ya Momella una Meru upande mmoja na Kibo upande wa pili.

Shida ya huku kwetu ni mwanga wa jioni. Jua letu linazama karibu wima, kwa hiyo lile jioni la bluu ambalo wenzetu wa Ulaya wanalifaidi saa nzima, kwetu ni dakika ishirini, basi. Ukitaka kivuli cha twiga juu ya anga la rangi, uwe umeshamchagua twiga wako na upande wa kusimama kabla jua halijagusa mlima. Anayeanza kutafuta rangi ya machungwa ikiwa imeshaanza hapati kitu. Na hapo hapo lango linakusubiri.

Mbega ana mtihani wake: manyoya meusi tii na meupe pe kwenye mwili mmoja, ndani ya msitu wenye kivuli. Kamera ikipima mwanga kwa weusi, ule mkia mweupe unaungua wote. Mimi naipimia kwenye mkia, naacha weusi uwe mzito, nauinua baadaye kwenye kompyuta. ISO 3200, spidi moja ya mia tatu na ishirini, na subiri atulie, kwani akiruka hiyo spidi haitoshi.

Tripodi garini ni usumbufu. Shona mfuko wa turubai, jaza mchele kilo mbili tatu toka soko la Kilombero, lalisha kwenye dirisha, weka lenzi juu. Mwambie dereva azime injini, maana mtetemo wa Land Cruiser unaharibu picha kuliko mkono wako. Safari ikiisha mchele unapikwa.

---

Mwana wa Sanawari

Swali kwa Nungunungu na Dereva. Hizo safari za usiku zenye kibali, mbona wanamulika wanyama kwa taa kubwa? Wao wakimulika ni utalii, sisi tukimulika komba na tochi ni dhambi? Mimi natumia flashi kwa komba bustanini kwetu na wanarudi kila siku.

---

Nungunungu

Wanarudi kwa sababu ya mapapai yenu.

Sasa bila utani. Komba ana macho makubwa yaliyoumbwa kukusanya mwanga kidogo, na nyuma ya jicho kuna tabaka linaloakisi mwanga, ndiyo maana yanawaka ukimmulika. Ukimpiga flashi ya karibu, kwa muda haoni vizuri, na kazi yake ni kuruka mti hadi mti. Bundi naye hivyo hivyo. Swala ukimgandisha kwa taa, fisi aliye pembeni anapata chakula ambacho hakukitolea jasho. Waongozaji wazuri wanaweka kichujio chekundu kwenye taa, hawaielekezi machoni, na mnyama mwenye watoto au anayewinda wanamwacha. Kuna wasiojali, nakubali, lakini hao wasiwe kipimo chetu.

Nyumbani kwako washa taa ya kawaida ya kibarazani mapema, wazoee, kisha piga kwa ISO kubwa bila flashi. Na tochi ya kichwani ifunge nailoni nyekundu. Inasaidia macho yako pia, maana ukiwasha nyeupe unasubiri nusu saa upya kuzoea giza.

---

Dereva wa Vumbi

Naunga mkono. Kingine ni kamera za kujipiga zenyewe. Serengeti watafiti walitega 225 kuanzia 2010, wakapata wanyama wa usiku wa kila aina, mpaka wale ambao dereva anaweza kumaliza miaka hajawaona. Ila usitege yako hifadhini bila ruhusa. Na droni vivyo hivyo, bila vibali usiitoe hata kwenye begi.

---

Mzee wa Marangu

Vijana nawasoma. Mnaangalia Kilimia kwenye simu. Wazee wa pwani walikuwa na msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwisho wa Aprili kinapotea magharibi jua likishazama, Juni kinarudi mashariki alfajiri. Huku kwetu kinapotea masika ikiwa imekolea, kinarudi mvua imekatika na baridi imeingia. Sasa ninyi mnaotaka picha, mbona miongozo yenu ya mtandaoni inasema Julai? Julai Marangu hatuoni hata mti wa jirani.

---

Mwanakibo

Shikamoo mzee. Hilo umeligusa penyewe. Miongozo mingi ya mtandaoni inasema Juni hadi Agosti ndio msimu wa kitovu, na kwa anga ni kweli, kwani kiko juu karibu usiku kucha. Lakini upande wa kusini wa Meru na Kilimanjaro, Arusha na Moshi zenyewe, miezi hiyo ukungu unakaa siku nzima. Upande wa pili wa milima hiyo ni pakavu: Longido, Sinya, Engaruka mpaka Natron. Mtu anaweza kuondoka Arusha na koti kwenye manyunyu, akapita Longido anga likiwa safi.

---

Fundi Lenzi

Na Natron msiisahau. Giza la kule ni la kweli, Ol Doinyo Lengai iko kusini mwa ziwa, kwa hiyo ukisimama upande wa ziwa kitovu kinapita juu yake bila kuunganisha chochote. Wanaoupanda wanaanza usiku wa manane kukwepa joto, na tochi zao zinachora mstari mzuri kwenye picha ya dakika chache. Heroe wa ziwani waacheni. Pale ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapozalia, na wakishtuka wanaacha viota. Piga kwa lenzi ndefu ukiwa mbali.

Vumbi la magadi lile linaingia kila mahali. Lenzi moja kwenye kamera toka Arusha mpaka kurudi, usibadilishe huko.

Ukilala ukingo wa Kreta, adui ni umande. Uko zaidi ya mita 2,200, saa 6 usiku kioo cha lenzi kimeshalowa na wewe hujui. Vaa lenzi soksi, ndani yake weka kile kipakiti cha kupashia mikono. Betri lala nazo.

---

Binti Njiro

Asanteni sana. Nimepiga jana hapo juu ya Oldonyo Sambu nikiwa na kaka yangu na majirani wawili. ISO 3200, sekunde 30. Kuna mstari wa kijani umekatiza picha, ni kimondo au ndege?

---

Fundi Lenzi

Hongera! Kama unaanza mwembamba, unanenepa katikati, unaisha mwembamba, na rangi inabadilika, ni kimondo. Kama una nukta nukta zenye nafasi sawa ni ndege inashuka uwanja wa KIA. Kama ni mstari wa unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, setilaiti. Itundike tuione.

---

Mwanakibo

Wadau, giza la mwezi lijalo kuna gari moja inakwenda Sinya, usiku mmoja. Kiingilio na askari tunachangia, mafuta tunagawana. Dereva wa Vumbi amekubali kuendesha. Zimebaki nafasi tatu, njooni inbox.

---

Mtata wa Soweto

Nachukua moja. Nikae mbele?

---

Dereva wa Vumbi

Mbele anakaa askari. Wewe utakaa nyuma na mchele wa Nungunungu.